Mrejesho: ampu ya TDA7294, fyuzi kukatika na mvumo

Wakuu, niliuliza kwa nini fyuzi inakatika kila bodi ya ampu yangu (kikuza sauti chenye chipu ya TDA7294) inapofungwa ndani ya boksi la chuma, na kwa nini spika zinavuma. Yote mawili yamepona, asanteni sana.

Fyuzi: bati la mgongoni mwa TDA7294 limeungwa ndani kwa ndani na umeme hasi. Hitisinki (chuma cha kupoza chipu) iliyogusana na bati hilo ikigusa boksi lililo ardhini, hapo ni shoti. Nimeweka maika (karatasi ngumu isiyopitisha umeme) kati ya chipu na hitisinki, grisi ya joto na bushi ya plastiki kwenye skrubu. Pima kwa mita kabla ya kuwasha. Hitisinki na bati la chipu zisisomane kabisa.

Mvumo: ardhi ya ingizo (waya wa ardhi wa sauti inayoingia) ilikuwa inapita njia moja na mkondo wa kuchaji kapasita. Sasa ardhi ya spika, ya ingizo na ya bodi kila moja ina waya wake, zinakutana sehemu moja tu katikati ya kapasita mbili za 10,000 µF. Kimya.

Nimebadili pia rezista ya 680 Ω inayopanga ukuzaji kuwa 1 kΩ, ukuzaji ukashuka kutoka mara 33 hadi 23 na sauti ya "shiii" kwenye spika imepungua. Msishuke chini ya mara 16, TDA7294 hupoteza utulivu.

Transfoma ya volti 24-0-24 inafaa spika za 8 Ω. Za 4 Ω, tumieni 18-0-18.