Mjadala: Capel ya Wales ikikosa waumini, mabenchi yang'olewe au yabaki?

Mchora_Ramani (mleta mada):
Wales ina capel nyingi kuliko watu wa kuzijaza. Kwa asiyezijua: hizi ni nyumba za ibada za Wakristo waliojitenga na Kanisa la Anglikana, yaani Annibynwyr (Wakongregesheni), Wabaptisti, Wamethodisti wa Kikalvini, Wawesli na Waunitaria. Zinafungwa moja baada ya nyingine, na kila iliyoorodheshwa kama jengo la urithi inazua ugomvi uleule. Mnunuzi anataka ukumbi mtupu, wahifadhi wanataka mabenchi yabaki. Mimi nasema mabenchi ya chini yatoke. Uso wa mbele, madirisha na paa vikibaki, urithi umebaki. Jengo lisilo na mtumiaji halisafishiwi gata, na gata ikiziba miaka miwili hakuna cha kuhifadhi. Nipingeni.

Fundi_Chokaa:
Mkuu, umelishika jengo kwa nje wakati lenyewe liko ndani. Nyingi kwa nje ni kuta nne za mawe na paa la sleti (mabamba membamba ya mawe), basi. Zipo za fahari: Peniel ya Tremadog ina baraza la nguzo kama hekalu la kale, na Tabernacl ya Morriston (1872, mchoro wa John Humphrey) ina mnara wenye ncha unaoonekana kabla hujaufikia mji. Hata hizo, kilichoamua umbo ni kusikia neno. Altare hakuna. Kuna mimbari, na mbele yake sêt fawr, kile kizimba cha mbao wanamoketi mashemasi wakiwatazama watu. Kisha mabenchi, na roshani pande tatu juu ya nguzo nyembamba za chuma cha kusubu. Mimbari imeinuliwa ili mhubiri aonane na wa chini na wa juu. Panda ugeuke: mara nyingi kwenye uso wa roshani, katikati kabisa, kuna saa. Imewekwa kwa ajili ya mtu mmoja tu humo ndani. Ukitoa mabenchi, hiyo saa na hiyo mimbari vinabaki mapambo.

Kenchi_na_Boriti:
Tuache falsafa kidogo, tuangalie sakafu. Watu wanadhani benchi ni fanicha, unafungua skrubu unabeba. Siyo. Mara nyingi mabenchi yamekaa juu ya jukwaa la mbao lililoinuka sm 10 hadi 15, na njia za kupitia ni mawe au vigae chini yake. Ukiyang'oa unabaki na sakafu ya vidato. Fundi wa haraka anamwaga zege kusawazisha. Hapo ameziba hewa iliyokuwa inapita chini ya mbao, na unyevu uliokuwa unatokea sakafuni unahamia ukutani. Baada ya muda, ncha za boriti zilizoingia ukutani zinapata kuvu la kuozesha mbao.

Pili, benchi za pembeni zimeungana na ubao wa ukutani. Ubandue uone lipu iliyo nyuma: imejaa chumvi, inamwagika kama unga. Bei ya kazi inapanda siku hiyo, na mara nyingi haikuwa kwenye makisio.

Mchora_Ramani:
Kenchi, hayo ni makosa ya fundi. Hayathibitishi kuwa mabenchi yabaki. Sakafu ya mbao inaweza kuinuliwa kote hadi usawa wa jukwaa, na matundu ya hewa yakaachwa.

Bi_Vipimo:
Ndugu Mchora Ramani, hapo kwenye kuinua sakafu sawa. Lakini umegusa roshani? Wengi wakianza na mabenchi ya chini wanamalizia na ya juu, na ya juu yana mtego wa kisheria. Kanuni za ujenzi zinakubali kizuizi cha kimo cha mm 800 mbele ya viti visivyohama, vikiwa ndani ya mm 530 kutoka kwenye kizuizi hicho. Sababu ni kwamba mtu aliyeketi, au anayepita kwa kubana kati ya magoti na ubao, si sawa na mtu anayetembea huru. Ng'oa viti hivyo katika ukumbi wa umma, kizuizi kinatakiwa kiwe mm 1,100. Kwa nyumba ya kuishi ni mm 900. Maana yake ulete vioo au vyuma juu ya uso wa roshani uliochongwa kwa mkono, uharibu kile ulichosema utakihifadhi. Mabenchi yale ndiyo yanayouhalalisha ubao ule mfupi!

Mchora_Ramani:
Hilo sikulipima. Nakubali, roshani ibaki na viti vyake. Na wanaogeuza kuwa nyumba?

Kenchi_na_Boriti:
Hao ndio wa kuogopa zaidi. Wanapitisha sakafu mpya usawa wa roshani, inakata madirisha marefu katikati, usiku taa zikiwaka unaona mstari mweusi kutoka barabarani. Halafu wanataka chumba ndani ya paa, wanakuta mwamba wa chini wa kenchi unawazuia kupita, wanaukata. Mwamba huo ndio unaozuia miguu ya kenchi isitanuke. Ukikatwa, paa linasukuma kuta ndefu nje, na kuta hizo ni mawe yasiyochongwa na chokaa, hazipendi kusukumwa. Na roshani ikishatolewa, boriti zilizozishika kuta hizo kati ya sakafu na paa nazo hazipo.

Kingine kidogo: lile ua kubwa la plasta katikati ya dari. Nyingi zina matundu, zilikuwa zinatoa joto na moshi wa taa za gesi. Wakiziba ili kuzuia baridi, mvuke unagandia darini na plasta inaachia vipande.

Fundi_Chokaa:
Nje nako wanapiga lipu ya saruji "kuzuia mvua". Waliofanya kazi Mji Mkongwe Zanzibar wanaijua hadithi: ukuta wa chokaa ukifungwa kwa saruji, maji yaliyoingia hayatoki.

Mchora_Ramani:
Basi napunguza dai langu. Yatoke mabenchi ya katikati tu, ya pembeni yabaki na ubao wake wa ukutani, sêt fawr na roshani visiguswe. Kila kipande kipigwe picha, kipewe namba na kuchorwa kwenye ramani kabla ya skrubu ya kwanza. Addoldai Cymru, shirika lililoundwa 1999 kutunza majengo haya, haliwezi kuchukua kila moja. Na hatuwezi kuzihamishia zote makumbusho ya St Fagans kama ilivyofanyika kwa capel ya Pen-rhiw.

Bi_Vipimo:
Kama ni hivyo nakuunga mkono nusu. Nusu nyingine ni mwangwi. Mbao za benchi na watu waliokaa ndivyo vilivyokuwa vinameza sauti. Toa safu za katikati, mwangwi unarefuka na mzungumzaji haeleweki. Mpangaji analeta spika, bado haeleweki, anadai zulia, na zulia juu ya vigae vya zamani linarudisha tatizo la unyevu la Kenchi. Pima mwangwi kwanza, kabla hujaomba kibali. Na ukiomba, usitegemee utaratibu wa ndani wa madhehebu: Wabaptisti na Wamethodisti wanao, nao unawasamehe kuomba kibali cha halmashauri, lakini ibada ikikoma, msamaha huo nao umekoma. Unakwenda halmashauri kama kila mtu.

Fundi_Chokaa:
Mimi bado napinga. Ila ukianza, anza na gata.