Msaada wakuu: maombi ya malipo yanakwama kwa meneja, hakuna anayeyaona

Mpambanaji Pugu Road:
Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Niko kampuni ya vipuri hapa Dar. Maombi ya malipo yanapita kwenye Camunda 7, programu inayopeleka kazi kutoka mtu mmoja hadi mwingine: mhasibu anajaza fomu, meneja manunuzi anaidhinisha, fedha zinatoka. Tangu wiki iliyopita, ombi likifika kwa meneja linaganda. Halileti ujumbe wa hitilafu, ila haonekani mtu mwenye hiyo kazi kwenye orodha yake. Kontena liko bandarini, gharama za kuhifadhi zinapanda. Mfumo nimekabidhiwa mimi, na silali.

Mzee wa Kariakoo:
Kijana, enzi zetu fomu unaibeba mwenyewe hadi mezani kwa mkubwa, husogei mpaka asaini. Niliwahi kumsubiri mkurugenzi kwenye benchi mpaka walinzi wakabadilishana zamu. Rudini kwenye karatasi.

Dada Mhasibu:
Mzee wangu, karatasi nazo hupotea. Kwetu faili lilikutwa chini ya chupa ya chai, limelowa. Mleta mada, meneja mwenyewe anasemaje?

Fundi Mifumo:
Ingia Cockpit, ule ukurasa wa msimamizi wa Camunda, fungua ombi lililokwama. Kazi imepangiwa mtu au kundi? Kama ni kundi, kinachotakiwa ni kitambulisho cha kundi, si jina lake la kuonyesha, na herufi kubwa na ndogo zinatofautishwa. Kama ni mtu, Camunda yenyewe haikagui kama yupo. Ukiandika jina la marehemu, inampangia marehemu.

Mpambanaji Pugu Road:
Ni mtu. Nimeshabadilisha mchoro wa hatua za malipo nikaweka kundi, nikapakia toleo jipya. Maombi mapya yanapita, ya zamani yamegoma.

Fundi Mifumo:
Lazima yagome. Ombi linaendelea na toleo lililolianzisha. Hata ukilihamishia toleo jipya, kazi iliyokwisha kuundwa inabaki na mtu wake yule yule. Badilisha mhusika kwenye kila kazi, moja moja, hapo hapo Cockpit.

Dada Mhasibu:
Swali langu limerukwa. Meneja yuko wapi?

Mpambanaji Pugu Road:
Aliacha kazi mwezi uliopita. Paswedi yake ninayo, nikawa naingia na kuidhinisha, kwa agizo la mkurugenzi la mdomo. Wiki iliyopita mtu wa IT akafuta akaunti. Nataka niiunde upya kwa jina lile lile nimalizie yaliyobaki. Sioni ubaya, kila ombi lina ankara halali.

Mama Mchungaji:
Mwanangu, kutumia jina la mtu asiyekuwepo ni uongo, hata kama ankara ni ya kweli. Mume wangu aliponzwa na sahihi aliyoombwa "kwa haraka tu".

Kamanda Tandika:
Wakuu, hii chai. Mwezi jana huyu huyu aliomba ushauri wa chuo, leo anaidhinisha malipo ya makontena?

Mpambanaji Pugu Road:
Ule uzi nilimwandikia mdogo wangu. Kama ni chai usinywe, kaka, mimi nina kontena.

Mzee wa Kariakoo:
Chai yenyewe ina tangawizi, mwacheni amalize.

Dada Mhasibu:
Iwe chai, isiwe chai, mimi nimekaa na wakaguzi. Wanachukua barua ya kuacha kazi, wanailinganisha na tarehe za uidhinishaji. Mtu kaondoka, jina lake bado linaidhinisha: hapo wanaanza kuuliza paswedi ilikuwa kwa nani. Usiiunde hiyo akaunti. Kazi apangiwe kaimu. Kaimu ni nani?

Mpambanaji Pugu Road:
Ni mimi. Ila barua ya kukaimu sijapewa, na mkurugenzi yuko safarini.

Dada Mhasibu:
Mwandikie barua pepe usiku huu. Ataje kwa maandishi kwamba unakaimu, na kwamba yale ya nyuma aliyaagiza yeye. Mpaka ajibu, usibonyeze kitu.

Mpambanaji Pugu Road:
Na kontena?

Dada Mhasibu:
Likae.