Mrejesho: Iboga kwa mdogo wangu aliyenasa kwenye unga

Wakuu, niliwauliza kama iboga, ule mzizi wa watu wa Bwiti, dini ya jadi kule Gabon, ungemtoa mdogo wangu kwenye heroini. Asanteni sana, hata mlionifokea.

Nilimsikiliza aliyesema apimwe moyo kwanza. ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ikafanyika, daktari akatuonyesha kwa ncha ya kalamu kipande cha mchoro wanachokiita QT: kirefu kupita kawaida. Ibogaini, kemikali iliyomo kwenye gome la mzizi huo, hukirefusha zaidi, na mapigo yanaweza kuvurugika mpaka mtu akafa. Mpango wa iboga ukafia hapo. Dogo alinuna kweli, maana alishasoma habari za Howard Lotsof, yule Mmarekani aliyemeza ibogaini mwaka 1962 akajikuta hana hamu ya heroini wala arosto, yale mateso ya kuukosa unga.

Methadoni, dawa ya hospitali ya kuacha heroini, nayo hurefusha QT, kwa hiyo ameanzishiwa nyingine ya kazi hiyo hiyo, buprenofini, kidonge cha kuweka chini ya ulimi. Walisubiri arosto ianze ndipo wakampa, kwa sababu ukiiwahi inakuletea arosto kali zaidi. Sasa anakula, analala, jasho na kuhara vimekata.

Ila hajapona. Aliteleza akarudia unga, na ushauri nasaha anahudhuria akijisikia tu.

Uliyependekeza mitishamba ya usingizi, nilimuuliza daktari: kakataa, dawa yoyote ya kusinzisha juu ya buprenofini inaweza kumkata pumzi.

Anaendelea na kidonge, na ECG atarudia.