Naomba ushauri: biopsi ya pafu imepondeka, kromogranini haijashika

Wakuu, vipande vitatu vya bronkoskopi (kamera ya njia za hewa), nataka kujua kama ni uvimbe wa neuroendokrini (wa seli zenye sifa za neva na za kutoa homoni). Seli zimepondeka, mitosisi (seli zinazogawanyika) hazihesabiki. Kwa rangi za kingamwili, alama za neuroendokrini ni hivi: CD56 imeshika kwenye utando wa seli karibu zote, sinaptofisini hafifu, kromogranini A hasi. TTF-1 (alama inayoonekana sana kwenye saratani za pafu) chanya, p40 (alama ya saratani ya seli bapa) hasi. Ki-67 (kipimo cha seli zinazogawanyika) takriban 80% kwenye seli zilizosalimika, hivyo karsinoidi (uvimbe wa neuroendokrini unaokua polepole) naiondoa; hizo kwa kawaida hazivuki 20%. CD56 peke yake siiamini, hushika hata vivimbe visivyo vya neuroendokrini. Tishu ilikaa kwenye fomalini saa 24, mikato ikachemshwa kwenye bafa ya pH 9 dakika 20 ili kingamwili zishike, na kongosho la kulinganishia limeshika vizuri, kwa hiyo silaumu kingamwili.

Tishu kwenye kipande cha parafini (nta) imebaki kidogo mno. Mikato ya mwisho niipe INSM1 (alama nyingine ya neuroendokrini), inayosomwa kwenye kiini, au RB1 (protini inayozuia uvimbe) kutafuta upotevu unaoelekea saratani ya seli ndogo?