Tupeane uzoefu: mantra na kujenga picha kichwani kwenye meditesheni ya Kignosi

Mleta mada

Habari zenu wakuu. Kila mtu akiuliza habari za mantra (neno au sauti unayoirudia rudia ili akili itulie) anapata majibu ya aina mbili, ama anaambiwa huo ni uchawi aachane nao, ama anamwagiwa orodha ndefu ya maneno bila kuelezwa yanatamkwaje na akili iwe inafanya nini wakati huo. Sasa hapa naomba tuongee sisi tunaofanya wenyewe, njia ile ya Kignosi, yaani ya kutafuta kumjua Mungu kwa uzoefu wa ndani, aliyoifundisha Samael Aun Weor, yule mzaliwa wa Colombia aliyekwenda kufundisha Mexico mpaka akafariki huko 1977. Sema unafanya nini, mwilini unasikia nini, na kipi kimekusaidia. Naanza mimi.

Mi nafanya vokali, I E O U A halafu M na S, alfajiri watoto hawajaamka. Navuta pumzi puani taratibu, naitoa yote na sauti, iiiiiii mpaka iishe, na akili naipeleka sehemu yake: I katikati ya nyusi, E kooni, O moyoni, U juu kidogo ya kitovu, A kwenye mapafu. M ni mdomo umefungwa unavuma, S inatoka kama upepo kwenye meno. Sauti ya kawaida tu, huhitaji kuamsha mtaa. Ile U ukiishusha chini tumbo linatetema kweli na mabega yanalegea yenyewe.

Ila kwangu vokali zinatuliza mwili, kinachoishika akili ni picha. Nikishanyamaza najenga mmea kichwani. Wengi wanatumia waridi, mi natumia mbaazi kwa sababu nimekua nazo shambani nazijua kila hatua. Naiona mbegu kwenye udongo, inapasuka, mzizi unashuka, majani yale matatu matatu, maua ya njano, maganda yanajaa, halafu (hapa ndo wengi wanaishia njiani) majani yanakauka yanapukutika, mti unabaki fito, unaanguka unaoza unarudi udongo. Usiishie kwenye maua jamani! Zoezi lina pande mbili, kuzaliwa na kufa, na upande wa kufa ndio unaonituliza zaidi, akili ikishafuata kitu mpaka kikaisha inakuwa haina haraka ya kurukia kingine.

Mchangiaji, Mwanza

Asante mkuu kwa mada. Mimi ni muuguzi, nafanya kazi za usiku, kwa hiyo usingizi wangu uko vipande vipande, na mantra ya FARAON naona imenisaidia sana. Kwa wasioijua, unalala chali, magoti umeyakunja nyayo zimekanyaga godoro, unasubiri usingizi uanze kukuchukua ndo unatamka faaaaa, raaaaa, ooonnnn, kwanza kwa sauti ndogo halafu moyoni tu, huku picha ya piramidi za Misri iko mbele yako. Ni mantra ya kutoka nje ya mwili ukiwa unajitambua. Siri ya magoti ni kwamba ukizama usingizini moja kwa moja miguu inaanguka na wewe unashtuka, kwa hiyo unabaki pale mpakani.

Sasa pale mpakani ndo watu wengi wanakimbia. Masikio yanavuma, mwili unakuwa mzito, unataka kunyanyua mkono haunyanyuki, na sisi tumelelewa tukiambiwa hilo ni jinamizi limekukalia kifuani. Mi naomba niseme hili kwa moyo wote: usiogope na usipambane. Kitaalamu mwili hulegezwa misuli wakati wa usingizi wa ndoto ili usiamke ukarusha mateke, na wewe akili imeamka kabla misuli haijarudishiwa nguvu. Inapita. Nikifika hapo napumua polepole naendelea na piramidi yangu, naona mawe, joto la mchanga, kivuli upande mmoja, na hofu inakosa pa kukaa. Siku nyingine naishia kulala tu vizuri na hiyo nayo ni faida. Ila kama mtu ana kifafa au anapata shida za kuona na kusikia visivyokuwepo, aongee na daktari kwanza.

Mchangiaji, Mombasa

Shukran sana dada yangu kwa hayo ya jinamizi, yamenifaa. Mimi bibi yangu alikuwa na nyiradi zake kila baada ya sala ya alfajiri, tasbihi mkononi, na tulikatazwa kabisa kumsemesha mpaka amalize. Kwa hivyo nilipokuja kukutana na mantra hii habari ya kurudia neno mpaka moyo utulie haikuwa ngeni kwangu, ingawa sisemi ni kitu kimoja, kila njia na adabu zake.

Mimi hutumia ile mantra ya Wabudha wa Tibet, Om mani padme hum, ambayo Samael aliiandika itamkwe OM MASI PADME YOM, kila silabi inavutwa, na naielekeza moyoni. Picha yangu ni ua la yungiyungi linafunguka hapo kifuani, petali moja moja pamoja na silabi. Nimeona picha na sauti zikienda mwendo mmoja akili haipati mwanya wa kwenda sokoni, lakini sauti ikikimbia mbele ya picha basi unabaki unaimba tu.

Mleta mada

Umesema kweli kaka, mwendo ndio kila kitu. Na kwa wanaodhani vokali zimebuniwa juzi, kwenye maandiko ya Wagnosi wa kale, ya Kikopti (lugha ya zamani ya Misri), yaliyofukuliwa Nag Hammadi, Misri, mwaka 1945 kuna sehemu zenye safu za vokali za Kigiriki zimerudiwa rudiwa ndani ya sala. Haimaanishi Wagnosi wale wa kale walifanya kama sisi tunavyofanya, mafundisho yetu ni ya karne ya 20, ila mimi nikisoma safu zile nafarijika sana, kwamba kuna watu zamani hizo walimwita Mungu kwa vokali tupu.

Mchangiaji, Barcelona

Nawasalimu kutoka huku. Kundi ninalohudhuria wanafundisha kwa Kihispania na msisitizo wao mkubwa ni kulegeza mwili kwanza, kuanzia vidole vya miguu mpaka ngozi ya kichwa, hakuna mantra wala picha kabla ya hapo. Jioni tunafanya marejeo, yaani ukishalala kitandani unairudisha siku kinyumenyume, kutoka sasa hivi kurudi mpaka ulipoamka, unajiona kama unamwangalia mtu mwingine, pale ulipokasirika, pale ulipojisifu. Hiyo nayo ni kujenga picha na kwangu ndiyo ngumu na ndiyo inayozaa, kwa sababu mmea hauna aibu lakini siku yako inayo.

Kitu kingine, wanatutenganishia picha unayoijenga kwa makusudi na picha inayokuja yenyewe ukiwa umetulia. Ya kwanza unaishika. Ya pili unaitazama tu bila kuikimbilia wala kuitangazia watu, na ikigeuka kuwa hadithi ya wewe kuwa mtu mkubwa, unarudi kwenye mantra.

Mchangiaji, Nakuru

Nauliza tu wandugu, mimi nikifunga macho ni giza, sioni mbegu sioni piramidi, giza tu. Niendelee ama hii si yangu?

Mleta mada

Endelea ndugu yangu, na wala usijilazimishe kuona. Chukua mmea wenyewe uweke mbele yako, hata mchicha wa kwenye kopo, uangalie macho wazi kwa utulivu, jani lilivyo, mshipa wake, unyevu wa udongo, uguse, unuse. Halafu funga macho ukumbuke kwa kugusa na kunusa badala ya kuona, unajua jani lilikuwa na manyoya, unajua udongo ulikuwa baridi, tosha kabisa, akili imekaa pale pale inapotakiwa kukaa. Picha zikija baadaye sawa, zisipokuja zoezi ni lile lile. Vokali anza na O kwanza, ni rahisi kuisikia kifuani, zile nyingine ongeza taratibu halafu urudi hapa utuambie.