Klachi ya MGB ya 1969: fundi kuomba wiki mbili ni sawa?

BintiShangani: Shikamooni wakubwa. Marehemu baba kaniachia MGB ya 1969, lile gari dogo la michezo la Kiingereza, tuko hapa Mtwara mjini. Klachi imekwisha, injini inanguruma gari haliendi. Fundi kaomba wiki mbili, wakati klachi ya Noah yangu aliifunga asubuhi, alasiri nikaondoka nayo. Ananizungusha?

FunguoLigula: Marahaba mwanangu. Pole kwa msiba. Hakuzungushi. Noah unashusha giaboksi kwa chini, basi. MGB haikubali hivyo, lazima injini itoke kwa juu: uvue boneti, rejeta, kabureta zote mbili, uachanishe na ekzosi, ndipo uitundike. Aliyeizoea, kwenye gari safi, ni kazi ya siku moja au mbili.

Lakini hilo limekula upepo wa chumvi miaka na miaka. Nati za ekzosi ndizo zitakazomchelewesha. Anazilowesha jioni, zinalala, asubuhi anajaribu taratibu. Akitumia nguvu, stadi (ile skrubu isiyo na kichwa ambayo nati inafungwa juu yake) inakatika, na kuitoboa kuitoa ni kazi nyingine kabisa. Muache afanye kwa utulivu.

Ila muulize leo hii: ana spana za inchi? Nati za gari hilo nyingi ni 7/16, 1/2 na 9/16. Spana namba 13 ya milimita inaingia kwenye 1/2, lakini inacheza, na nati yenye kutu inaviringika kichwa palepale. Nimeona magari mazuri yakiharibiwa hivyo, inaniuma mpaka leo. Kama hana, asiguse.

Nangurukuru_Spea: Na spea ziwe mkononi kabla ya kufungua. MGB zilitengenezwa zaidi ya 500,000, Uingereza spea zake bado zinauzwa. Agiza plet (sahani ya klachi), presha plet (inayoibana) na rilizi (inayoiachia ukikanyaga pedeli) kwa pamoja. Rilizi yake ni pete ya kaboni, inalika haraka kwa dereva anayepumzisha mguu kwenye pedeli. Kutoka Dar mzigo unakuja na basi. Masika ongeza siku: Mei 2024 baada ya kimbunga Hidaya barabara yetu ilikatika kabisa.

BintiShangani: Nimemuuliza, hana za inchi. Anasema atatumia spana malaya.

FunguoLigula: Hapana mwanangu, mzuie. Tafuta seti ya inchi kwanza, hata ya kuazima, wazee wenye Land Rover za zamani wanazo. Na kwa kuwa injini itakuwa nje, abadilishe na sili ya nyuma ya krenki, ile inayozuia oili ya injini isifike kwenye klachi. Ikivuja baadaye, oili itaharibu klachi mpya na injini itatolewa tena.

BintiShangani: Asante baba. Naiongeza kwenye oda.