Tupeane uzoefu: injini ndogo za zamani tulizozifufua wenyewe

Mdau wa Mafinga

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wale ambao wakikuta mashine ya kukata nyasi imetupwa nyuma ya banda, au injini ya pampu imeota kutu kando ya kisima, hawapiti bila kuinama na kuzungusha flaiwili (lile gurudumu zito la injini) kuona kama imeshika. Hatuongelei biashara hapa, tunaongelea mapenzi. Tuambie ni mashine gani, uliikuta katika hali gani, na ni kitu gani hasa kiliiamsha. Mwenye ujuzi wa spea asituachie njiani.

Naanza na yangu. Ni Lister CS 6/1, ile ya flaiwili mbili kubwa ambayo wengi tulikuwa tunaitegea sikio utotoni kujua kama mashine ya kusaga imefunguliwa. Nguvu farasi 6 kwa mizunguko 650 tu kwa dakika. Ilikuwa inatengenezwa Dursley, Uingereza, na iliendelea kutoka kiwandani mpaka 1987. Wahindi wa Rajkot kule Gujarat nao wakatengeneza za kwao kwa ramani ile ile, na hilo ndilo lililotuokoa, maana ringi, valvu na nozo (ncha inayorusha dizeli ndani ya silinda) bado zinapatikana.

Hii yangu ilisaga mahindi mpaka umeme ulipofika kijijini. Wakafunga mota, yenyewe ikaachwa bandani, bomba la ekzosi likiangalia juu bila kifuniko. Mvua ikaingia humo miaka na miaka. Pistoni ikashikana na silinda kabisa.

Nilifungua silinda hedi, nikamimina juu ya pistoni dizeli iliyochanganywa na oili ya gia boksi otomatiki, nikaiacha. Kila nikipita naongeza. Nyundo haikugusa pistoni hata mara moja. Flaiwili za Lister ni nzito, kwa hiyo zenyewe ndizo nyenzo: mmoja anakaa huku, mwingine kule, mnasukuma kidogo, mnarudisha kidogo. Siku iliyosogea, ilisogea unene wa ukucha. Tulitazamana na mwenzangu tukacheka, kwa sababu iliyosogea unene wa ukucha leo kesho itazunguka.

Kwenye nozo nataka mnisikilize vizuri. Ukishatoa hewa kwenye njia ya dizeli, zungusha hendeli polepole na utege sikio. Nozo nzima inakoroma, krrr, kila pampu inaposukuma. Usiposikia mkoromo huo usijichoshe kuwasha, dizeli inadondoka badala ya kutoka kama ukungu. Ukiusikia, kaza hadi ndani lile gurudumu dogo la ubavuni mwa silinda hedi, ndilo linalopandisha mgandamizo wakati wa kuwasha. Inua valvu ya ekzosi kwa kile kiwiko chake, zungusha mpaka flaiwili zishike kasi, kisha achia kiwiko. Yangu ilitoa moshi mweupe, ikapiga mara moja, ikanyamaza kidogo, ikapiga tena, ikashika. Jirani alitokea na debe la mahindi.

Ya kupozea ni pipa la lita 200 tu na mabomba mawili. Maji ya moto yanapanda yenyewe, ya baridi yanashuka. Hakuna pampu.

Wa Thika

Hamjambo wote. Hongera sana ndugu wa Mafinga, hiyo ya kutegea nozo sikio ni ukweli mtupu.

Mimi ni mtu wa mashine za kukata nyasi, hasa Briggs & Stratton za valvu za ubavuni. Jambo la kwanza ninalomwambia kila mtu ni hili: kabla ya kushika spana, soma namba. Kwenye bati la juu la injini kuna namba zimepigwa muhuri: modeli, aina na kodi, yaani msimbo. Kodi ndiyo siku ya kuzaliwa. Ukiona 78051201, ujue ilitengenezwa mwaka 1978, mwezi wa 5, tarehe 12. Modeli ikiwa kama 92908, ile 9 ya mbele ni ujazo wa inchi 9, yaani karibu cc 148. Ukizisoma hizo unajua unatafuta spea gani, na muuzaji hawezi kukubambikia.

Iliyonifurahisha zaidi ilitoka nyumba moja ya zamani Limuru. Mafundi walikuwa wameshabadilisha plagi, wakasafisha kabureta, wakaikatia tamaa. Ukivuta kamba, inaunyakua mkono wako kurudi ndani kwa nguvu. Mashine ikipiga teke namna hiyo, usihangaike na kabureta. Toa flaiwili uangalie ufunguo wake, kile kipande kidogo cha mraba kinachokaa kwenye mfereji wa krenki, mhimili mkuu wa injini. Hicho kimetengenezwa kwa madini laini kwa makusudi, ili kisu cha mashine kikigonga jiwe, ufunguo ndio ukatike, krenki ipone. Cha kwangu kilikuwa hakijakatika, kilikuwa kimekatwa nusu, ngazi ndogo mno ambayo huioni mpaka ukisugue kwa kidole. Ngazi hiyo tu inatosha kuusogeza moto wa plagi nje ya wakati wake. Na tafadhali usichongeshe cha chuma kigumu kwa mafundi wa jua kali kwa sababu eti kitadumu. Siku kisu kitakapogonga mzizi, krenki ndiyo itapinda.

Kwa kuwa flaiwili ilikuwa imeshatoka, nikazifikia platini (vile vipande viwili vinavyokata umeme ili plagi itoe cheche), maana kwenye hizi zimejificha chini yake. Zilikuwa na ukungu wa kijivu, kitu ambacho kipande cha kadi ngumu kinakimaliza. Nafasi ukipima kwa fila geji: platini inchi 0.020, plagi inchi 0.030. Kuanzia 1982 Briggs walianza kuweka moto wa elektroniki, na kifaa hicho kinaingia kwenye nyingi za nyuma, ila mimi mashine iliyokuja na platini naiacha na platini. Napenda kuisikia ikifanya kazi kama ilivyozaliwa.

Mgeni, Mbeya

Mkuu wa Thika, yangu inawaka vizuri, halafu baada ya muda mfupi inapanda na kushuka, vuum, vuum, bila kutulia. Shida nini?

Wa Thika

Kama kabureta yako imekaa juu ya tanki, tazama kiwambo, ule utando mwembamba uliopo kati yao. Kikizeeka kinakakamaa, hakinyanyuki tena. Kipya ni bei ya soda. Na uhakikishe uso wa tanki haujabonyea: weka rula juu yake, ukiona mwanga chini ya rula umempata mchawi.

Dada wa Leicester

Asalaam aleikum ndugu zangu. Huku Uingereza mambo haya ni uraibu wa wazee wengi, na wamenipokea vizuri. Kuna hata makumbusho ya mashine za kukata nyasi peke yake, kule Southport. Mwenye wazo la kwanza alikuwa Edwin Budding wa Gloucestershire, mwaka 1830. Aliliona kwenye kiwanda cha nguo, kwenye mtambo wenye visu vya mzunguko uliokuwa unanyoa manyoya ya kitambaa, akasema na nyasi zinyolewe hivyo hivyo.

Yangu ni Suffolk Colt, ya inchi 12, injini ya cc 75, kazi ya kiwanda cha Stowmarket. Niliiokota kwenye soko la Jumapili asubuhi, yale ya watu kuuzia vitu vyao kwenye buti za magari. Injini haikunisumbua. Kilichonipa kazi, na raha pia, ni visu.

Mashine hizi hazifyeki kama zile za kisu kimoja kinachozunguka chini. Zina ngoma ya visu inayopita juu ya kisu kilichotulia, na unyasi unakatwa katikati yao, kama mkasi. Ngoma ikiwa na kutu au imeachana na kisu cha chini, nyasi zinang'olewa badala ya kukatwa, na bustani inageuka rangi ya majani makavu kesho yake. Nilipaka ile dawa ya kusagia valvu kwenye visu, nikaizungusha ngoma kinyumenyume kwa mkono, muda mrefu, mpaka kila kisu kikapata mstari mwembamba unaong'aa kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha nikasogeza kisu cha chini robo ya mzunguko wa skrubu kushoto, robo kulia. Kipimo chake ni ukanda wa gazeti: uingize kati ya visu, zungusha kidogo. Ukikatika safi kila mahali, upande mmoja hadi mwingine, umemaliza. Ukikunjwa mahali pamoja, rudi kwenye skrubu.

Walioko huku waangalie petroli. Tangu Septemba 2021 ya kawaida ni E10, ina ethanoli hadi asilimia 10, nayo inakula mipira ya zamani na kuvuta unyevu. Mimi naweka E5, na msimu ukiisha namwaga tanki lote na kuiacha mashine iungurume mpaka kabureta ikauke.

Nimeipaka rangi ya kijani upya. Imependeza, wallahi.

Mzee wa Tanga

Wanangu, nimefurahi kuwaona. Nimefanya kazi ya ufundi kwenye mashamba ya mkonge ujana wangu wote, na sasa nina banda langu la hizi mashine.

Kuhusu kutu, acheni kuchosha mikono na msasa. Chukueni beseni la plastiki, maji, na magadi, haya haya ya kupikia maharage. Kijiko cha mezani kwa kila lita 4 kinatosha. Chaja ya betri ya volti 12. Waya wa hasi ufunge kwenye kifaa chenye kutu, waya wa chanya kwenye kipande cha chuma ambacho hukihitaji, na viwili hivyo visigusane majini. Washa chaja, utaona viputo vinapanda. Kesho yake unatoa kifaa, kutu imekuwa tope jeusi, unaisugua kwa brashi inaondoka, na chuma chenyewe hakijaliwa. Kikaushe palepale na ukipake oili, la sivyo kutu inarudi kabla hujamaliza chai.

Mashariti yake. Fanyeni nje, viputo hivyo ni haidrojeni, vinashika moto. Kipande cha upande wa chanya kisiwe stenlesi, kinatoa sumu ndani ya maji. Na kabureta au kitu chochote cha aluminiamu kisiingie humo, magadi yanakitafuna.

Mwanangu wa Leicester, kwenye rangi sikubaliani nawe. Rangi ya kiwandani iliyobaki, hata ikiwa imebabuka nusu, ndiyo mali. Naisafisha kwa mafuta ya taa na kitambaa, naipaka oili kidogo, basi. Nikiona mahali ilipofifia pale fundi alipozoea kuweka mkono, siwezi kupafunika.

Dada wa Leicester

Shikamoo mzee wangu. Nakuelewa, na Lister iliyofanya kazi kijijini ningeiacha vilevile. Ila hii yangu ilikuwa imebaki chuma kitupu, na banda langu lina unyevu miezi minane. Ningeiacha uchi ingeisha. Ila bango la jina na namba sikuligusa.

Mzee wa Tanga

Marahaba. Kama ilikuwa uchi, umeifanyia haki.

Barka, Oman

Nduguzanguni, nami nina yangu. Huku Batina zamani maji ya mashamba ya mitende yalivutwa kisimani kwa ng'ombe, kisha injini zikachukua kazi ile. Nyingi zimeachwa visimani tangu umeme ulipokuja, na hewa ya chumvi haina huruma.

Yangu ni Lister D ya petroli, aina iliyoanza kutoka 1926, nguvu farasi moja na nusu kwa mizunguko 700. Pistoni ilishika, na nyenzo hazikufua dafu. Mzee mmoja wa hapa akanifundisha njia ya grisi. Hakikisha valvu zote mbili zimekaa vizuri kwenye viti vyake na tapeti, zile zinazosukuma valvu, zina nafasi. Tafuta plagi mbovu, itoboe katikati, uchomelee nipeli ya grisi. Ifunge mahali pa plagi, jaza grisi kwa pampu ya mkono. Grisi haibonyei, haina pa kukimbilia isipokuwa kumsukuma pistoni, tena kwa usawa, pande zote kwa pamoja. Nilipampu hadi mpini ukawa mgumu, nikapumzika, nikapampu tena, kikasikika kishindo kimoja kizito na flaiwili ikasogea. Kuitoa grisi yote humo ndani ni kazi ya subira na mafuta ya taa mengi, lakini silinda ilitoka bila ufa.

Sasa nimekwama kwenye magneti, ile inayotengeneza umeme wa plagi. Cheche ni ya manjano, dhaifu, na ikipata joto inapotea kabisa.

Mdau wa Mafinga

Mzee wetu wa Tanga, shikamoo. Magadi nayafanyia kazi wiki hii hii.

Ndugu wa Barka, cheche inayopotea kwenye joto mara nyingi ni kondensa au koili. Anza na kondensa, ndiyo rahisi. Ikiwa koili, usiitupe magneti na usikubali kufungiwa ya kisasa. Koili inasukwa upya. Ulizia wanaosuka mota, mpelekee ya zamani nzima na sampuli ya waya wake, ahesabu mizunguko mwenyewe.

Jingine kwa wote mnaofungua za zamani. Gasketi za miaka ile nyingi zina asbesto. Usizikwangue kavu wala usizipige kwa brashi ya mashine. Zilowanishe, zitoe kwa kisu polepole, zifunge kwenye mfuko, vaa barakoa.

Na governa, ile inayozuia kasi isipite kiasi, isifungwe waya ili injini ipate kasi, hata kwa kujaribu. Flaiwili ya chuma cha kumimina ikivuka mizunguko yake inapasuka vipande, na banda zima liko njiani.

Mwenye injini ya Villiers aendelee, huyo bado hatujamsikia.